Karakana ya Mama Itafaa

Simu ya Mjomba Kitwana iliingia Jumatano asubuhi, Firdausi akiwa amebana ubao katikati ya magoti kwa sababu jiriwa yake ya kubania haionekani. Haikuibwa, wala haikwenda mbali. Ilikuwa humo humo karakanani, chini ya kitu fulani, na juu ya kitu hicho kulikuwa na kingine. Ndivyo alivyoishi fundi huyu pale Misugusugu. Atakutengenezea kabati ukalionyesha wageni, lakini mwombe penseli, utazeeka umesimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, mama. Mzima? Mume mzima? Haya, sikiliza. Mgongo wangu umegoma. Daktari kasema nisiiname tena kwenye mashine."

Ubao ukamponyoka Firdausi, ukamwangukia kidoleni. Wala hakusikia.

Inabidi nikueleze hiyo mashine ni kitu gani, maana bila hivyo utamwona Firdausi mwehu. Ni mashine ya kukereza. Unaifunga mbao ya pembe nne, inazunguka, unaigusa kwa patasi, na ile mbao inatoka ya mviringo, ina shingo, ina kiuno. Huo ndio mguu wa kitanda, si ile miti ya pembe nne tunayolalia siku hizi. Mjomba Kitwana aliiendesha kwa mguu miaka yote, anakanyaga, gurudumu linazunguka, na hata alipokuja kuifungia mota, ule ubao wa kukanyagia hakuung'oa. Kule Marui, kijijini kwa Mjomba, kuna watu wazima wenye wajukuu waliozaliwa kwenye vitanda vilivyotoka kwenye mashine ile. Firdausi mwenyewe aliupata ufundi kwa kuitazama. Sasa ana karakana yake nyuma ya nyumba, ana jina, ana wateja, ila kila anayekuja kutaka miguu ya kukereza anamwelekeza kwa fundi mwingine, na roho inamuuma mpaka siku ya pili.

"Mnaitaka wawili," Mjomba akaendelea. "Wewe na Kondo. Nyote wapwa zangu, dada zangu wamenizalia, na mashine si andazi niikate katikati. Jumamosi naipakia garini. Napita kwa Kondo hapo Kisarawe mjini, halafu nakuja kwako. Mwenye mahali pa mashine, mashine yake."

"Mahali papo, mjomba!"

"Papo? Maana mashine haikai juu ya takataka, mama. Inataka sakafu, inataka mwanga, na fundi wake apate pa kupumulia."

"Papo kabisa! Wewe njoo tu!"

Simu ikakatika. Firdausi akapiga kigelegele peke yake, akacheza hatua mbili tatu, kisha akageuka kuangalia hapo mahali palipo. Kigelegele kikamkauka mdomoni.

Jamani, karakana ile! Mlango ulifunguka nusu ukagonga kiti. Ukikiruka kiti unakutana na mlango mwingine, wa mbao, umelazwa juu ya madumu. Nyuma ya mlango kulikuwa na vitanda vilivyosimamishwa, meza zilizopandiana, feni isiyo na mapanga, magunia ya vipande vya mbao, makopo ya rangi yaliyoota ngozi, na njia moja ya kupitisha mguu mmoja. Paka wa jirani alizalia humo, na watoto wake wakatoka wamekua bila Firdausi kujua wamezaliwa kona ipi.

Karakana hiyo ilikuwa na maradhi mawili. La kwanza ni la mwenyewe. Firdausi hatupi kitu. Kipande cha mninga chenye urefu wa kidole, msumari uliopinda, bawaba moja isiyo na mwenzake, vyote anavitia gunia huku akisema, "Itafaa." La pili ni la mafundi wote wa nchi hii, nalo ni vitu vya watu. Mtu analeta kiti kitiwe mguu, anaapa kukifuata kesho, na hiyo kesho haifiki. Huwezi kukiuza, maana si chako. Huwezi kukitupa, maana ukikitupa Jumatatu, Jumanne mwenyewe anatokea na maneno. Basi kinakaa, na juu yake kinakaa cha mwingine.

Kigelegele kile kilikuwa kimemleta Silvanus. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtumishi wa serikali aliyekuwa likizo, Mnyamwezi wa Urambo. Na Firdausi ni Mzaramo wa Kisarawe. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na utani una sheria zake. Mtani akikutukana, hununi. Mtani akichukua kitu chako, humdai. Na siku ya shida, mtani ndiye wa kwanza kukunja mikono ya shati.

"Mama Itafaa!" akaita dirishani, maana jina hilo alilitunga yeye na mtaa mzima ukalipokea. "Kigelegele cha nini? Nyie Wazaramo mnacheza ngoma hata Jumatano?"

"Mpagazi wewe, Mungu kakuleta! Babu zako walibeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka pwani. Leo utabeba yangu toka humu mpaka barabarani."

"Malipo?"

"Nani kakwambia utani una malipo?"

Silvanus akachungulia ndani, akachomoa kigoda kimoja kizuri cha mkongo toka kwenye lundo, akakikalia. "Basi hiki kimeshakuwa changu. Haya, tuanze."

Firdausi alimsimulia habari ya mashine, na Silvanus akasahau utani kwa dakika nzima. Alijua mwenzake anavyoitamani. Alishamwona akipapasa miguu ya vitanda vya watu dukani, kimya kimya, wenye duka wakidhani anataka kununua.

"Kondo yeye yukoje?" akauliza.

"Kondo kajenga karakana mpya. Sakafu inateleza, rafu mpaka darini. Na Kondo si fundi mbaya, sitamsema uongo. Lakini Silvanus, mimi ile mashine naisikia hata nikiwa usingizini! Ikienda kwa Kondo nitaumwa. Nakwambia nitaumwa kweli."

"Huumwi. Shika huku."

Wakaanza kutoa. Vitu vya watu walivipanga kando ya barabara, na Silvanus akapanda juu ya kigoda chake akageuka mnadi. "Mwenye mlango! Mwenye mlango wa mninga, njoo kabla haujafunguka wenyewe! Mwenye kitanda cha mtoto! Mwenye feni ya kupepea bila mapanga!" Bodaboda wakasimama. Wauza matunda wakaacha matunda. Firdausi naye alishika simu, anapigia kila namba anayoikumbuka, na wasiopatikana akawatumia habari kwa jamaa zao mpaka Mbwawa.

Na watu wakaja! Bwana mmoja anaitwa Hussen alitoka Mbwawa na bajaji akaukumbatia mlango wake hadharani. Alishasahau aliupeleka kwa fundi gani, akanunua mwingine, akajenga, akahamia. "Huu nautia chooni," akasema kwa furaha, "choo changu kitakuwa na mlango kushinda sebule." Mwenye kitanda cha mtoto alikuja na mtoto mwenyewe, msichana wa sekondari mwenye sare, kampita mama yake kimo. Watu walicheka mpaka wakaegemea nguzo. Mama akamwambia Firdausi asijali, mtoto wa huyu naye atakuja kukilalia, na binti akaona aibu akaenda kujificha nyuma ya bajaji ya Hussen.

Hivyo vilikuwa vya watu. Shida ilikuwa vya mwenyewe.

"Hiki kinatupwa," Silvanus akasema, ameshika kipande cha mbao.

"Kitafaa!"

"Kitafaa nini?"

"Kita... kuna siku..."

"Sikiliza, Mzaramo. Mimi natembea kuelekea mlangoni. Ukisema kitafaa nini kabla sijatoka, kinabaki. Ukishindwa, kinakwenda kwa mama ntilie kupika maharage."

Ukawa mchezo. Silvanus anatembea, Firdausi anapiga kelele. "Kishikio cha patasi! Kabari! Kabari ya mlango! Hicho... hicho... ngoja kwanza, kaka, usikimbie!" Wapo waliokuja kutazama tu, wakajipanga mstari, nao wakawa wanasaidia kujibu. Mara nyingi mbao ilifika mlangoni Firdausi bado anatafuta neno. Mwanzoni kila kipande kilichopita kilimchoma. Kufika mchana alikuwa anacheka kwa sauti, anarusha mwenyewe, anasema "Peleka, peleka!" kabla hajaulizwa. Mama ntilie akapata kuni za kupikia hata sherehe.

Alhamisi ndipo walipoiona sakafu. Firdausi alikuwa anafagia kona ya nyuma, fagio likakwaruza kitu kigumu, akapiga magoti, akapangusa kwa kanga. Saruji! Alishasahau kwamba alimwaga saruji humo alipojenga. "Silvanus! Nina sakafu!" Na walipoviondoa vile vitanda vilivyosimamishwa, mwanga ukaingia toka ukutani mpaka wakafumba macho. Kulikuwa na dirisha kubwa huko nyuma muda wote. Jiriwa nayo ikaonekana, imekaa kwenye benchi lake la kazi, pale pale inapotakiwa kuwa, ila benchi lenyewe lilikuwa limefunikwa na meza za watu.

Firdausi akawaka moto. Alipigilia misumari ukutani, akatundika misumeno, randa, keekee, nyundo na patasi toka kubwa mpaka ndogo. Halafu akakumbuka makopo ya rangi. Moja lilikuwa na rangi nyekundu imebaki chini, mbichi kabisa.

"Unaona? Nilisema itafaa!"

Kwa rangi hiyo akachora ukutani umbo la kila kifaa nyuma yake, ili kikiondoka nafasi yake idai. Rangi ikabaki tena. Akasimama katikati ya karakana, akatazama ile kona ya dirishani, akafumba macho. Aliiona mashine. Akachuchumaa akaichora sakafuni kwa ukubwa wake, miguu yake minne ya chuma, mgongo wake mrefu, gurudumu, ubao wa kukanyagia. Hakupima kwa tepu. Mkono ulikwenda wenyewe. Alipomaliza akaona kona ile haiko wazi tena, kuna mtu anangojewa hapo, na machozi yakamtoka bila sababu ya maana.

Hapo, ningekuwa mimi, ningefunga mlango na kungoja Jumamosi. Lakini Ijumaa akaja Swaumu.

Swaumu ni dada yake Firdausi, mkubwa wake, ametoka Marui na kuku wawili na kapu la machungwa. Akaingia karakanani, akaangalia huku na huku, akashika kiuno.

"Mjomba atakaa wapi?"

"Atakaa?"

"Mtu mzima anatoka Marui na mgongo mbovu, anakuja kwako kwa jambo kubwa hivi, umkalishe juu ya benchi la misumari? Atarudi kijijini aseme nini? Atasema watoto wa dada yangu hawana adabu! Kondo mwenyewe nasikia kaazima makochi."

Neno hilo la makochi lilimwingia Firdausi mpaka kwenye mfupa. Unajua sisi tulivyo. Mgeni akisema anakuja, hata kama amekuja kuona banda la kuku, tunataka akae kwenye kochi aone banda la kuku toka kwenye kochi. Simlaumu Swaumu, alifundishwa heshima akaileta. Namlaumu Firdausi, aliyekuwa na karakana safi mkononi akaiachia. Lakini furaha ikishampanda mtu kichwani haangalii anakokwenda, na dada yake anamsukuma.

Wakaleta zulia. Wakaleta makochi toka sebuleni, na vitambaa vya kufuma vya kutandika juu yake. Wakatundika pazia refu ukuta mzima, maana Swaumu alisema misumeno inamtazama. Maua ya plastiki yakakaa juu ya benchi, na benchi likavikwa kitambaa cha mezani mpaka chini. Vifaa vyenye ncha kali, randa na patasi zote, Silvanus alivibeba mpaka chumbani akavisukumia mvunguni mwa kitanda, huku akinung'unika kwamba babu zake hawakuwahi kubeba mzigo wa kijinga namna hiyo. Zubeir, mume wa Firdausi, aliporudi toka kazini Dar akachungulia, akasema, "Pamependeza. Ni harusi ya nani?" Hakuna aliyemsikiliza.

Jumamosi gari likafika. Lilikuwa Kirikuu dogo limelemewa nyuma, na nyuma kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai na kufungwa kamba. Firdausi hakuhitaji turubai lifunuliwe. Alilijua umbo lile, nundu ya gurudumu upande mmoja, mgongo mrefu. Mjomba Kitwana akateremka taratibu, kanzu na kofia, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mjomba!" wote kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Nimepita kwa Kondo. Ana mahali pazuri. Nikamwambia subiri, nimwone na mwenzio, nikikosa kule nakurudishia wakati nageuza." Akamtazama Firdausi. "Haya, nionyeshe."

Wakamwingiza. Akaketi kwenye kochi. Akaletewa maji ya kunawa, akaletewa pilau la kuku, akala kwa heshima zote na kumsifu mpishi. Akanywa soda. Akaangalia zulia, akaangalia pazia, akaangalia maua. Firdausi amesimama, vidole vinachezea ncha ya kanga, anangoja.

"Alhamdulillahi," Mjomba akasema, akajifuta mdomo. "Sebule yako nzuri, mama. Sasa twende karakanani."

Nje, Silvanus alikohoa.

"Mjomba," Firdausi akasema, "ndiyo hii."

"Ndiyo ipi?"

"Karakana. Ndiyo hii."

Mzee akageuza kichwa polepole, akaanza upya toka kona ya kwanza. "Hapa? Hapa panafanyika nini? Maulidi?" Hakusema kwa dhihaka, na hilo ndilo lililouma. "Randa yako iko wapi?"

"Iko... mvunguni."

"Mvunguni mwa nini?"

"Mwa kitanda, mjomba. Chumbani."

Swaumu akafunika uso kwa ukaya wa kichwani. Mjomba akashika fimbo, akajivuta, akasimama.

"Msinielewe vibaya, wanangu. Mmenipokea, nimeshiba, Mungu awape. Lakini mashine haili pilau. Kwa Kondo nimekuta sakafu, nimekuta benchi, nimekuta vumbi la mbao. Ana mahali. Wewe una mahali pa mgeni." Akaweka kofia sawa. "Haya, dereva!"

Firdausi aliona turubai lile linaondoka. Aliliona linapotea barabarani kurudi Kisarawe, na yeye anabaki na makochi. Basi kitu kikamkatika ndani, ile aibu yote ya mgeni na adabu na watu watasema nini ikamtoka, akapiga kelele iliyowafanya kuku wakimbie.

"Mjomba, hutoki! Nisamehe, lakini hutoki! Silvanus! Mpagazi! Toa makochi!"

"Nilikuwa nangoja uniite!" Silvanus akaingia kwa mbio, na vijana wawili wa bodaboda nyuma yake.

Loo, ungekuwepo! Kochi likapita juu ya kichwa cha Swaumu. Maua ya plastiki yakaruka dirishani. Firdausi akashika pazia kwa mikono miwili akalivuta, likashuka na fimbo yake na misumari yake, na ukuta ukatokea, maumbo mekundu ya randa na patasi na keekee, na misumeno inang'aa. Zubeir, ambaye hakuna aliyemtuma, akatoka chumbani amebeba vifaa kifuani, vumbi la mvunguni mpaka kwenye nyusi, akaanza kuvirudisha kimoja kimoja. Hakukosea hata kimoja, maana kila umbo lilimwita mwenyewe. Swaumu akasimama anatazama, kisha akajifunga kanga kiunoni akakamata ncha ya zulia.

"Vuta, mdogo wangu! Kama nimekuharibia mimi, nitakutengenezea mimi!"

Zulia likasokotwa likatoka. Na pale kwenye kona ya dirishani, nyekundu juu ya saruji, mashine ikaonekana imelala.

Mjomba Kitwana alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi. Akatembea mpaka kwenye ile picha, akasimama juu yake, akapima mgongo wa mashine kwa fimbo. Ulitimia. Akapima toka mguu hadi mguu. Ikatimia.

"Nani kakupa vipimo?"

"Hakuna, mjomba. Nimechora nilivyokumbuka."

Mzee akaendelea kuzunguka, mara akasita. Akagonga fimbo kwenye ule ubao wa kukanyagia. "Na huu?"

"Wa kukanyagia."

"Naujua, nimeukanyaga toka sijaota ndevu. Nauliza mbona uko upande wa ukuta? Fundi atasimama wapi, ndani ya tofali?"

Firdausi akatazama. Kweli bwana! Ubao wa kukanyagia ulikuwa umebanwa ukutani, na upande wa katikati ya karakana, wenye nafasi na mwanga wote, haukuwa na kitu. Hakuna binadamu angeweza kuendesha mashine iliyokaa hivyo. Vijana wa bodaboda wakaanza kucheka chini chini. Firdausi akahisi uso unamwaka. Kazi yote ile, na ameichora nyuma mbele, mbele ya Mjomba, kwa rangi isiyofutika.

Lakini Mjomba hakucheka. Aliitazama picha ile muda mrefu, halafu akamtazama Firdausi, na sauti ikashuka.

"Kule Marui, ulikuwa unakaa wapi?"

"Mbele ya mashine, mjomba. Chini. Nilikuwa naokota maranda ya kuwashia jiko la mama."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa kule. Ng'ambo ya mashine."

"Ndiyo hivyo." Mjomba akatikisa kichwa. "Hujakosea kipimo hata kimoja, mama. Umeichora toka pale ulipokuwa umekaa."

Firdausi akaitazama picha upya. Aliona yote. Aliona miguu ya mjomba ikikanyaga ng'ambo ya chuma, maranda yakidondoka mbele yake, na yeye na kikapu chake, miaka yote, upande huu. Mashine aliyoipenda hakuwahi kuitazama toka upande wa mwenye kuishika.

"Rangi imebaki?" Mjomba akauliza.

"Imebaki kidogo sana. Chini ya kopo."

"Itafaa."

Silvanus akapiga makofi kwa jinsi neno hilo lilivyotoka kinywani mwa mzee, lakini Firdausi hata hakumsikia. Mjomba alikuwa amemshika mkono. Akamwongoza kuzunguka ile picha, wakapita kichwa cha mashine, akamsimamisha upande wa kati, uso kwenye mashine, mwanga wa dirisha ukiangukia mikononi mwake. Akamsogeza bega kidogo. Kisha akazunguka yeye kwenda upande wa pili, ule wa ukutani, mgongo wake mbovu ukigusa tofali, akashikilia fimbo kwa mikono miwili na kuanza kushuka. Swaumu akakimbilia kumshika, mzee akamkataza kwa kichwa. Alishuka taratibu, goti moja, la pili, mpaka akakaa sakafuni, pale pa kuokotea maranda.

Toka huko chini akainua macho kumtazama mpwa wake. Tangu Firdausi azaliwe, mzee huyu alikuwa akimwita mama.

"Haya, fundi," akasema. "Waambie walete mashine yako."